Mgonjwa Asiye na Pistoni

Fungua kinywa, nakuambia,
kama ninavyowaambia wakulima wa Dauphin
wanaonijia na magego yaliyooza na visingizio.
Huna pistoni. Huna vali.
Una pembetatu mbili zenye mashavu yaliyovimba,
zilizozunguka miaka kumi na tisa ndani ya gari jekundu
hadi mwana wa Pachkowski alipolilaza mtaroni,
akaja kuniuzia moyo wake
kwa bei ya kuziba meno mawili.

Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Theluji imeegemea mlango wa gereji
kama mdai aliyekataa kuondoka.
Nimevaa glavu zile zile za kliniki,
taa ile ile kwenye paji la uso,
na ndoano iliyobandua ugaga wa nusu ya mji huu
sasa inachokonoa masizi
katika mifereji ya sili zako.

Nafungua nyumba yako. Umbo lake ni ganda la karanga:
pana, kiuno, pana.
Ukutani, juu ya kromu, kuna mikwaruzo,
mstari kwa mstari.
Kucha za shetani, ndivyo mafundi wanavyoiita.
Mimi naiita kusaga meno usiku.
Chanzo huwa ni hofu, au mafuta haba.
Napitisha ukucha wangu. Unakwama.
Hii haifai. Nitangoja nyingine kwa posta, wiki sita.

Wahenga walionya juu ya ufa na ukuta.
Huku ufa ni mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
wala hakuna ukuta wa kujenga,
kuna shamba la ngano tu, futi elfu tatu chini.

Kwa hiyo napima. Napima tena.
Bohdan analeta supu ya bitiruti, anauliza:
kwani duniani hamna injini mpya?
Zipo, nasema, na bei zake zipo.
Anatazama bawa moja linaloning'inia darini
(la pili bado ni mbao na ahadi),
anaondoka, ameniachia kijiko.

Machi. Naanza kukufunga.
Sili za pembeni hazikai, zinachopoka kama mbegu za tikiti,
nazigandisha kwa mafuta ya mgando,
yale yale ya midomo iliyopasuka kwa baridi.
Rota ya kwanza. Shafti. Rota ya pili.
Bolti kumi na nane, kwa zamu,
kaza kidogo, vuka upande wa pili, kaza, rudi.
Saa saba usiku nanyoosha mgongo,
nakunja kitambaa cha meza,

na pale, chini ya mkunjo,
springi moja.
Ndogo kama kipande cha kucha.

Nilikaa nayo. Sitadanganya:
niliwaza kuitia mfukoni.
Nani angejua? Ungezunguka bila hiyo,
pengine mwaka, pengine hadi juu ya ziwa.
Nikamkumbuka kijana mmoja, Emeric,
niliyemwambia kwaheri, hakuna kilichobaki,
na ncha ya mzizi ilikuwa bado ndani ya ufizi.
Alirudi na shavu kama la rota.

Bolti kumi na nane. Kinyumenyume.

Ilikuwa pembe ya tatu, rota ya nyuma.

Mei, tope limeshika nafasi ya theluji.
Nimekulaza nje kwenye kitanda cha chuma.
Bohdan ameshika kizimamoto
kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani.
Nageuza ufunguo. Unakohoa. Unatema moshi mweupe,
mafuta ya mgando yanaungua,
majira yote ya baridi yanatoka puani mwako.
Unakataa. Unakataa tena.
Kisha huo hapo, si mngurumo, hujui kunguruma,
ni mlio mmoja,
kitambaa kirefu kinachochanwa bila kufika upindo.
Mbwa wa Pachkowski ananyamaza.

Naweka kiganja juu ya nyumba yako
kama ninavyokiweka tayani ganzi inapoanza kuisha,
kusikiliza panapouma.

Bawa la pili bado ni mbao.
Nitalianza Jumatatu, baada ya mgonjwa wa mwisho.